Hoteli ya chai njia ya stesheni, Moshi: chai safi, chapati ngumu, na meza moja yenye mambo yake

Jina la hoteli silitaji. Mjukuu wa mwenye hoteli aliniomba niandike ili wateja waongezeke, babu mwenyewe akaniomba nisiandike chochote kwa sababu viti vilivyopo havitoshi. Nimewagawia nusu kwa nusu. Mtu wa Moshi ataijua tu: ukitoka mnara wa saa ukashika njia ya stesheni, kabla hujaifikia reli, kuna jengo la zamani la Wahindi lenye baraza pana na nguzo nene, kuta zake ziliwahi kuwa na rangi ya maziwa. Bango hakuna. Barazani kuna kijana anauza vocha na kutengeneza simu, huyo ndiye bango.

Naandika kwa sababu hoteli hii ina sifa mbili mjini na zote mbili zinasimuliwa ovyo. Ya kwanza ni chai. Ya pili ni kwamba inarudisha watu nyuma, miaka ya zamani. Utasikia dereva wa bodaboda aliingia kununua maji, akasikia makuli wakiitana kupakia magunia ya Tanga, alipotoka nje hakuona mtu. Utasikia mama mmoja aliambiwa andazi ni senti hamsini, akalipa, akarudi kesho yake kudai chenji. Hiyo ya pili siiamini hata kidogo. Mwanamke wa Moshi hangoji kesho kudai chenji.

Mimi kazi yangu, mpaka nilipostaafu, ilikuwa kukagua vitabu vya vyama vya msingi vya kahawa. Nimezoea kuambiwa mambo: gunia limeliwa na panya, stakabadhi zimelowa mvua, katibu amesafiri na ufunguo wa kabati. Kwa hiyo mtu akiniambia alirudi mwaka 1975 kwa dakika mbili, simcheki. Namuuliza nani mwingine alikuwepo, na kama kuna maandishi.

Lakini hoteli ni chakula, tuanzie huko.

Chai ya maziwa ni chai kweli. Maziwa yanachemshwa na majani humo humo, tangawizi inatwangwa uwani na kinu unakisikia ukiwa mezani. Iliki ipo kwa adabu. Inaletwa kwenye glasi nene juu ya kisahani, na wazee wanaimimina kwenye kisahani na kuivuta kwa sauti bila mtu kuwageukia. Shilingi 800. Kaimati zinapikwa Ijumaa na Jumapili alasiri peke yake, ndogo, ngumu kidogo kwa nje, shira imeingia mpaka katikati. Nimekula kaimati za harusi zilizopikwa na watu wanaojiita wataalamu, hazizifikii hizi.

Kwa nini mji wa Wachagga una kaimati za namna hii, ni kwa sababu ya reli. Ukoo wa babu ni watu wa Pangani. Mjerumani alianza kuijenga reli kule Tanga mwaka 1893, akafika Moshi 1911, na nyuma ya mataruma wakapanda mafundi, makuli, wapishi na wauza kahawa. Wengine walishuka tena pwani, wengine wakabaki hapa chini, na sisi tukiwa huko juu na migomba yetu. Ndiyo maana hoteli hii ina majiko mawili katika siku moja. Asubuhi ni zamu ya mama mmoja wa Kibosho: mtori wa ndizi mshare, mzito, wenye mfupa unaoonekana, bakuli shilingi 3,000. Alasiri ni zamu ya pwani: kaimati, bajia, mkate wa kumimina. Mchana katikati hapo pana ndizi nyama na wali maharage, vya kawaida tu, sina la kuongeza.

Chapati sitazitetea. Zinapikwa alfajiri zote kwa pamoja, zinafunikwa, na ikifika saa saba mchana unazivuta kwa mikono miwili. Nimeshawaambia. Wameshaitikia. Chapati bado ni zile zile.

Huduma ni ya kijana mmoja kwa hoteli nzima. Ana adabu, atakusalimia kabla hajakuuliza unakula nini, na atasahau ulichoagiza. Muite tena bila hasira. Choo kiko uwani, maji ya ndoo, kisafi kuliko vya hoteli mbili tatu za ghorofa ninazozijua.

Sasa ile sifa ya pili.

Ilikuwa Jumapili, kama saa tisa alasiri. Nilikaa meza ya nyuma, ile ya karibu na mlango wa uwani. Ukikaa pale mgongo unauegemeza ukutani na chumba chote unakiona: kaunta ya mbao kushoto, juu yake kabati la kioo la maandazi, benchi refu lililofuata ukuta wa kulia, dirisha lenye nondo na wavu, na mlango wa barazani ukimeremeta mwanga. Umeme ukakatika. Hilo si jambo. Ila jokofu la soda lililoko mlangoni, ambalo linanguruma kutwa mpaka sikio linaacha kulisikia, likanyamaza, na hapo ndipo nikagundua kwamba barabara nayo imenyamaza. Hakuna gari. Hakuna bodaboda. Kwa Moshi ya leo, kukosekana kwa bodaboda kunatisha kuliko mzimu.

Tulio wa umri wangu tunazijua Jumapili za namna hiyo. Enzi za uhaba wa mafuta, magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na mji mzima ulibaki wa miguu na baiskeli. Ungesikia mtu akikohoa ng'ambo ya barabara.

Ikaja harufu ya mafuta ya taa kutoka uwani. Halafu, mahali fulani nyuma ya kaunta, ikalia ngoma. Si ngoma yoyote. Ni ile iliyokuwa ikitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam.

Naomba nieleweke. Sikuona mtu amevaa suruali ya bugaluu. Sikuona ukungu, wala kuta hazikubadilika rangi. Kilichotokea ni kwamba nilijua ni mwaka gani, na haukuwa huu. Ulikuwa 1982. Nilijua sukari imeletwa duka la kaya, lile la mgao, foleni imeshaanza pale kona, na nikichelewa itaishia kwa walio mbele. Nilijua Baba yuko nyumbani Uru, mzima, anasubiri betri za redio. Haya sikuyakumbuka. Kumbukumbu ninaijua ilivyo: inakuja, unaitazama, inaondoka. Haya niliyajua kama mambo ya siku hiyo, yaliyokuwa yananingoja nifanye kitu.

Na nilifanya. Nilisimama, mkoba kwenye kiwiko, mkono wa kulia ndani ya mkoba unatafuta kadi ya duka. Nakumbuka vizuri vidole vilivyokuwa vinafanya kazi peke yao: vikapita funguo, vikapita kasha la miwani, vikapita kitambulisho cha bima ya afya, kila kimoja vinakigusa na kukiacha, vinatafuta karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili na kulegea kwenye mikunjo. Wala havikushangazwa na kitambulisho cha bima. Vilikipita tu, kama kitu cha mtu mwingine.

“Mama, chenji yako hii,” kijana akasema.

Nikakaa. Mwaka ukarudi, lakini si wote kwa mpigo. Kwanza zilirudi bei. Chenji mkononi ilikuwa noti na sarafu za leo, nikazihesabu na zilikuwa sawa. Baadaye kidogo ndipo nikajua tena kwamba Baba hayupo.

Nilichofanya baada ya hapo ninakisema kwa majivuno. Sikumsimulia mtu. Niligeuza karatasi ya bili nikaandika nyuma yake saa, meza niliyokaa, nilichosikia, nilichonusa na nilichoamini, kwa mfuatano ule ule, nikatia sahihi na tarehe. Ndipo nikaagiza chai nyingine.

Sababu ya kufanya hivyo ni kisa cha Versailles, kinachotajwa kila mara mambo haya yakizungumzwa. Tarehe 10 Agosti 1901, wanawake wawili wa Uingereza waliosoma vizuri, Charlotte Anne Moberly, mkuu wa chuo cha wasichana cha St Hugh's kule Oxford, na Eleanor Jourdain, ambaye baadaye alikuja kuwa msaidizi wake, walikwenda kutembelea bustani za kasri la wafalme wa Ufaransa. Wakapotea njia wakielekea jumba dogo linaloitwa Petit Trianon. Wakasema walishikwa na uzito wa moyo usioelezeka, wakakutana na wanaume waliovaa makoti ya kijani kilichofifia na kofia za pembe tatu, na Moberly akaona mwanamke amekaa nyasini anachora, gauni la mtindo wa kale. Baadaye waliamini yule alikuwa malkia Marie Antoinette, aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Mwaka 1911 walitoa kitabu kuhusu kisa hicho, kwa majina ya kujificha.

Nimekisoma kisa hiki kwa jicho la kazi yangu, na hoja ya ukaguzi inaanzia mapema kabisa. Siku yenyewe hawakuzungumza. Baada ya kama wiki moja ndipo wakaulizana, wakakubaliana kwamba mahali pale pana kitu. Novemba, miezi mitatu baadaye, wakagundua kwamba yule mchoraji alionwa na mmoja peke yake, na hapo ndipo kila mtu akakaa kuandika maelezo yake. Halafu wakaingia kwenye maktaba na nyaraka miaka na miaka, kutafuta makoti na bustani vinavyofanana na walivyoona. Sisemi walidanganya. Nimewahi kukutana na makatibu waaminifu kabisa wa vyama, ambao ukiwaacha waandike kitabu cha fedha miezi mitatu baadaye, wataandika kile kinacholeta jumla. Mfaransa mmoja, Philippe Jullian, alipendekeza mwaka 1965 kwamba huenda walijikuta katikati ya marafiki wa bwana mmoja mkubwa, Robert de Montesquiou, aliyependa kufanya karamu za kuvaa nguo za kale. Wengine wanasema walikuwa watunza bustani wa kawaida na joto la Agosti. Mimi nasema vyovyote iwavyo, vitabu vilichelewa kuandikwa.

Vyangu havikuchelewa, kwa hiyo hoja zangu zilijibika jioni ile ile. Nilizipeleka kaunta moja moja.

Barabara: lilikuwa limepasuka bomba huko karibu na mzunguko, njia imezungushiwa kamba tangu saa saba, magari yote yanapita kwingine. Harufu: umeme ulipokatika, birika la maji ya moto halikufaa kitu, mama wa uwani akawasha jiko la mchina. Ngoma: mjukuu aliitafuta kwenye intaneti akaiweka kuwa mlio wa simu yake, na simu ilikuwa imechomekwa nyuma ya kaunta. Mpigaji alikuwa mtu wa kreti za soda.

Nikamuuliza babu, yeye aliyekaa humo tangu utoto, kama yamewahi kumpata.

“Kurudi nyuma?” akasema. “Mimi sijaondoka, nirudi wapi?”

Hata ya yule dereva wa bodaboda nimeifunga bila kuombwa. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya reli kuota majani. Siku za treni kuna wapagazi stesheni, wanaitana, na sauti inapanda mpaka huku juu. Kijana aliyezaliwa na kukulia kwenye mji usio na treni akizisikia, ana haki ya kudhani ni za marehemu.

Hoja moja ilinichukua muda: kwa nini duka la kaya, na kwa nini meza ile? Nilipofika nyumbani nikachora chumba kwa kalamu, na jibu likawa mezani. Kaunta kushoto, benchi kulia, wavu dirishani, mlango wa uwani nyuma: ndivyo lilivyokuwa duka letu la kaya, na ndivyo yalivyokuwa maduka mengi ya ushirika niliyokuja kuyakagua baadaye, fundi mmoja akimuiga mwenzake. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Anne Cleary wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, aliyelichunguza jambo hili. Aliwavalisha watu miwani ya kompyuta, akawapitisha kwenye vyumba vya kutengenezwa. Baadhi ya vyumba vilikuwa na vitu tofauti kabisa, lakini mpangilio ni ule ule wa chumba walichokwisha kuonyeshwa. Pale mtu aliposhindwa kukumbuka chumba cha kwanza, ndipo hisia ya “hapa nimeshawahi kufika” ilipozidi kumjia. Kichwa kimetambua mpangilio, hakijakuambia kimeutoa wapi.

Na harufu ina njia yake. Unachokiona na unachokisikia vinapita kwanza kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo ndipo visambazwe. Harufu inafika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu. Mafuta ya taa hayakubisha hodi.

Hapa niseme neno kwa wanaoniambia kwamba yanawapata kila wiki, hata wakiwa kwenye daladala. Hoteli isisingiziwe. Daktari wa upasuaji Wilder Penfield, kule Montreal, alikuwa akigusa kwa umeme mdogo pembeni mwa ubongo wa wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, na baadhi walisikia nyimbo na sauti za watu wa zamani yao, waziwazi. Kuna kifafa kisichoangusha mtu chini. Kinaanza na hisia kama hiyo, mara nyingine na harufu ambayo wenzako hawaisikii, na dakika zinapotea. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, usipite kwangu wala kwa mganga. Hospitali ya KCMC iko hapo juu.

Kwa hiyo hoja zote zimefungwa, na chumba cha mbele nakipa hati safi. Watu wanadhani ukishapata maelezo, jambo linakuwa halikutokea. Kwenye ukaguzi ni kinyume: kilichopata maelezo ndicho kilichotokea. Nilisimama kwenda foleni ya sukari ya mwaka 1982, nikiwa na akili zangu, kwa shilingi 800 ya chai na 1,000 ya kaimati. Kwa bei hiyo hakuna mahali Moshi pa kulinganisha.

Chumba cha nyuma ni habari nyingine, na ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu.

Mjukuu ni kijana mchapakazi, simlaumu. Amesikia watu wakisimulia, amewaona watalii wanaosubiri kupanda mlima wakizunguka mji na kamera, akaona pana biashara. Stoo ya zamani ya magunia ameipaka rangi, akaweka taa za njano, na anatoza shilingi 15,000 kwa kichwa, pamoja na kikombe kimoja cha chai na picha. Ameahidi kwamba ukikaa humo “utarudi zamani”. Nililipa. Nilikaa nusu saa. Nilichopata ni kiu.

Nilipitia vitu kimoja kimoja, ndivyo nilivyozoea. Picha ya stesheni imeandikwa chini “Moshi 1905”. Reli ilikuwa haijafika, ingefika baada ya miaka sita. Kuna sarafu chini ya kioo, nzuri, zimepangwa kwa uangalifu: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, zote sawa. Pembeni yake ipo yenye tundu katikati, imeandikwa “Pesa ya Mjerumani”. Nikavaa miwani. Jina la mfalme lilikuwa George wa Sita, wa Uingereza. Mjerumani alikuwa na rupia na hela zake, na baadhi ya hela zilikuwa na tundu, kwa hiyo kosa linaeleweka, lakini kwa 15,000 mtu asome sarafu kabla hajaiandikia. Vikombe vya bati ni vipya, kimoja bado kina stika ya bei chini. Redio ni ya mbao kwa nje, ndani inatumia bluetooth. Na juu ya kila kitu, chumba kinanukia dawa ya kung'arishia sakafu yenye limau, harufu ambayo haikuwepo katika mwaka wowote unaosimuliwa humo.

“Mama, watalii hawajui hayo,” mjukuu akaniambia.

“Watalii hawajui, mwanangu. Ila watu wa Moshi wakiingia wanajua, na wewe uliniambia unataka wa Moshi.”

“Ya 1905 nitaibadilisha leo.”

Babu akasema kutoka kaunta, bila kugeuka, “Na ile elfu kumi na tano uibadilishe.”

Makosa ya tarehe yanarekebishika kwa kalamu. Lisilorekebishika kwa kalamu ni kwamba chumba cha nyuma kinakutaka ukumbuke. Kila kitu kimekugeukia, kimewekewa taa, kinasubiri useme “ah!” Mbele hakuna anayekungoja. Kaunta ni ya zamani kwa sababu haijavunjika, glasi ni nene kwa sababu zilizonunuliwa zamani hazijaisha, na wavu wa dirishani upo kwa ajili ya nzi. Ukiwa na chai yako unawaza bei ya mbolea, na ni wakati huo huo mambo yanapokupita upande wa nyuma. Nimemwambia mjukuu airudishe stoo kuwa stoo, aongeze meza mbili mbele, na pesa iliyobaki amtafute mpishi wa chapati. Akasema atafikiria. Wakati huo huo ameniomba nisimpe hati chafu. Nimempa yenye mashaka.

Mambo ya kujua ukienda. Wanafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanafunga magharibi. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane hutakuta mtu kaunta, watu wako msikitini; kaa barazani, usigonge. Mtori uwahi kabla ya saa nne, baada ya hapo utaambiwa uliobaki ni wa mtu. Gari liache juu huko karibu na mnara wa saa, chini hakuna nafasi. Wanapokea pesa kwa simu, ila babu haamini ujumbe mpaka mjukuu ausome kwa sauti, kwa hiyo fedha taslimu ni haraka zaidi. Meza ya nyuma haiwekewi nafasi. Ukikuta wazee wa bao wameikalia, hutawaondoa.

Na kama mko wawili, likawapata jambo, msianze kuulizana. Kila mmoja aandike yake kwanza, ndipo mbadilishane karatasi. Kalamu njooni nazo, ya kaunta imefungwa kwa kamba na haifiki meza ya nyuma.